Marobota Yenye Jina Lako

Sanyuanli, Guangzhou

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Sihaba,

Assalaam alaykum warahmatullah, na shikamoo mama. Natumai barua hii inakukuta u mzima, na lile goti limeacha kukusumbua unapokanyaga cherehani. Maulida je, anakusaidia kazi za ndani au bado analala mpaka jua la utosini? Mwambie dada yake anamwona hata akiwa huku. Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio si mzima, na huo ndio ulionishikisha kalamu.

Najua utashangaa. Utasema huyu mtoto simu anayo, barua ya nini tena? Mama, wewe ujumbe wa sauti unauweka spika, akausikia mama Heriel wa jirani na kila mteja aliyekuja kupunguziwa dera. Haya si ya spika. Anakuletea Lulu, yule binti wa Tandika anayenunua viatu huku, na nimemwambia akukabidhi mkononi. Isome peke yako, ukiwa umekaa.

Mjomba Haidar hajambo na biashara yake inakwenda. Ofisi bado iko palepale ghorofani, na chini ndiyo stoo ambamo mizigo ya wateja hupangwa kabla ya kuingia kwenye kontena la Dar. Mdogo wako ni mtu mwema, sikatai. Kodi ya chumba changu analipa yeye, mshahara haujawahi kuchelewa, na nikiumwa hunipeleka hospitali mwenyewe. Lakini kazini siruhusiwi kumwita mjomba. Ni Bosi, mbele za watu na hata tukiwa wawili. Mjomba anarudi siku ya Idd tu. Nimeshazoea.

Kazi yangu unaijua: kuzunguka na wateja masokoni, kuwasemea Kichina, kuwashushia bei, kuhakikisha walichonunua ndicho kilichofungwa. Siku nyingine niko Xintang kwenye jinzi, lakini mara nyingi niko Zhongda kwenye vitambaa. Wauzaji wa pale wananiita laoban, yaani tajiri. Wanamwita hivyo kila mwenye pochi, nisijidanganye. Ila yuko mama mmoja anauza vitambaa vyepesi, siku moja akaniuliza duka langu liko wapi. Nikamwambia sina duka, mimi nimeajiriwa na mtu. Akacheka, akasema jicho lote hilo la kitambaa na unawachagulia wengine? Hakusema kwa ubaya, lakini lile neno lilinikaa nikawa nalala nalo.

Mwikali akalipalilia. Ni yule Mkenya wa Machakos ninayekaa naye chumba kimoja. Yeye hana bosi, ananunua vyake na kuvipeleka Nairobi. Akaniambia nisipoanza sasa nitazeekea kwenye stoo ya watu, eti wacha uoga, msee. Kwake rahisi, anaingia na kutoka kwa viza ya biashara. Mimi kibali changu cha kukaa huku kimefungamana na kampuni ya Bosi. Siku akinitoa kazini, ndiyo siku ninayoanza kufungasha.

Na mama, mtu akitolewa inakuwaje nimeona kwa macho yangu. Dullah unamkumbuka, yule mcheshi niliyekuwa nafanya naye kazi, aliyekuletea zile nyuzi za cherehani. Bosi aligundua kwamba Dullah anatafuta wateja wake pembeni. Wala hakupiga kelele. Alimwambia kwamba mtu anayekula mshahara wake huku anajijengea chake ni mwizi, tena afadhali yule wa mfukoni. Tukaenda ofisi ya vibali, na kwa kuwa Kichina cha Dullah ni cha kuombea maji, mimi ndiye niliyemtafsiria. Nilimwambia kwa mdomo wangu kwamba kibali chake kimefutwa. Alinitazama kana kwamba nimekifuta mimi. Tangu hapo Bosi akikohoa tu kwenye ngazi, najikagua nimekosea wapi.

Sasa, pamoja na kuyajua yote hayo, kilichonituma ni nini? Sijui mama. Nilinunua. Nilichukua akiba yangu yote nikamwendea yule mama wa Zhongda, nikachagua vitambaa vya madera, vile vya maua makubwa ambavyo wateja wako hugombania. Nilichagua kama unavyochagua wewe: nikakunja pembe, nikavuta, nikalowesha kidole nikasugua rangi. Wakati wa kulipa nilihesabu na kurudia kuhesabu mpaka muuzaji akanivutia kiti. Kwenye kazi ya mtu, ukikosea, hasara ni ya tajiri, wewe unasemwa kisha mwisho wa mwezi unachukua chako. Marobota haya yakilowa baharini nani nitamlilia?

Kwenye stoo yetu nisingethubutu kuyapeleka. Nikayapeleka kwa wakala mwingine, mtaa wa nyuma. Huku kila robota lazima liandikwe alama ya mwenyewe kwa wino mweusi, ili likifika Dar lisipotelee kwenye mizigo ya watu. Karani akanipa kalamu ya wino, akaniuliza jina gani. Swalha nisingeweza kuandika, Waswahili wote wa hapa wananijua. Nikababaika. Wateja nyuma yangu wakaanza kunung'unika. Basi mkono ukaandika jina ambalo sihitaji kufikiri ili niliandike. Niliandika SIHABA, MAGOMENI.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe nimesahau jambo ambalo mimi mwenyewe nalifanya kila siku: mawakala wa hapa huazimana nafasi. Mwenye mzigo usiojaza kontena humpelekea mwenzake ampakilie. Na yule wakala wangu kontena lake halikujaa. Nilipoingia kazini Jumatatu, nikayakuta marobota yangu yamepangwa katikati ya stoo yetu, na Bosi amesimama mbele yake, mikono nyuma, anasoma.

Mama, nilikufa palepale. Nikaanza kupanga kichwani nguo zipi nitaingiza kwenye begi na zipi nitamwachia Mwikali. Bosi akageuka, na macho yake yamejaa machozi. Akaniita mpwa wangu, siku ya kazi, mbele ya wapakiaji! Akasema dada yake ameanza biashara. Miaka yote anawashonea wenye maduka ya Kariakoo, mgongo unamuuma yeye wanaotajirika ni wao, amemsihi ajitegemee na dada anaogopa. Leo kaagiza vitambaa vyake mwenyewe, tena kwa siri, asije akamsumbua mdogo wake. Halafu akachukua wino akakoleza jina lako kwa mkono wake mwenyewe, akaamuru marobota yaingie kwenye kontena bila kutozwa chochote. Akanikanya nisikuambie kitu. Siku mzigo ukifika bandarini atakupigia yeye, akushtukize.

Mimi nikasema ndiyo, Bosi.

Sasa umeshanielewa. Marobota yale ni yangu, mama. Mwizi wa pili wa Bosi ni mwanao, na nimejificha nyuma ya jina lako bila hata kukuomba. Meli imeshaondoka, na kila siku inayopita inakusogezea wewe aibu yangu. Hasira yake naiogopa, lakini furaha yake naiogopa zaidi. Kila asubuhi ananitania kama dada yake atahitaji mfanyakazi, nami nacheka, kisha naingia chooni nashika ukuta mpaka moyo utulie. Simu ikilia naruka.

Mwikali anasema ninyamaze, nikuombe wewe tu useme mzigo ni wako. Marobota yatapona, kibali kitapona, na Bosi ataendelea kuwa na furaha yake. Nimelifikiria, nisikudanganye. Tena nimelifikiria sana. Lakini wewe umwambie uongo Haidar, mdogo wako uliyembeba mgongoni? Ninachoogopa ni kwamba ungekubali, kwa ajili yangu. Ndiyo maana naandika, mama. Usikubali.

Lulu anaondoka leo mchana. Nikishamsindikiza uwanja wa ndege nitarudi ofisini moja kwa moja nimweleze mjomba. Akinifutia kibali nitarudi nyumbani, na hivyo vitambaa utaniambia wewe tuvifanyeje, tuvishone au tuviuze hivyohivyo. Akinisamehe nitamshukuru, lakini kula mshahara wake huku nikificha changu, basi tena. Kuamua nimeamua. Kinachonishinda ni kulitamka. Jana nimempelekea chai makusudi ili niseme, nikaishia kumuuliza kama sukari imetosha.

Nisalimie Maulida, mpe pole kwa mitihani. Nisalimie mama Heriel, ila usimsomee. Mjomba na Mwikali wangekusalimu kama wangejua nakuandikia. Niombee dua mama, uniombee hasa ulimi usinigande, maana mengine yote Mungu akipenda nitayabeba.

Jambo moja la mwisho. Saa hii unaposoma, simu ya mdogo wako imeshakuja au haijaja. Kama imekuja, na amekulalamikia mpaka sikio likakuwasha, basi nimeweza. Mvumilie, umsikilize, usinitetee. Kama iko kimya, ujue nilifika mlangoni kwake nikageuka. Hapo usimsubiri akushtukize, mama. Mpigie wewe, umwambie marobota ni ya Swalha.

Ni mimi mwanao, mwenye hofu na mapenzi mengi kwako,

Swalha