Wifi, Ulisema Unakuja

Mpendwa wifi,

Nimekaa kwenye kiti cha cherehani, lakini leo sishoni. Mwanao yuko miguuni pangu, anapanga vifungo kwenye kifuniko cha ndoo, vyekundu huku, vyeupe kule, na anavisemesha. Ndiyo, anavisemesha. Sechelela anaongea. Nimeona na wewe nikuambie, ingawa sasa ni miaka miwili tangu tukuache kwenye udongo wa kwenu Chemba na najua barua hii hutaisoma.

Nakuandikia kwa uwazi ili asome na mwingine yeyote mwenye mzazi aliyejifungua ndani ya nyumba. Nina jambo la kukiri, na nikilizungusha sana nitaogopa kulifikia.

Unakumbuka siku ulipotoka hospitali? Mama yako alishatangulia zamani, kwa hiyo hapakuwa na kwenu pa kwenda kujifungulia, na kaka yangu akaniomba nihamie kwenu hapa mjini, mtaa wa Nkuhungu, nikutunze uzazini. Nikaja na cherehani yangu na mdomo wangu. Nilikukanda kwa maji ya moto mpaka ukalia, nikakufunga tumbo kwa kanga mbili, nikakupikia uji wa uwele wenye karanga. Jirani walikuja na sabuni na kanga, wakasema hongera mzazi. Mtoto tulimpa jina la bibi yetu, Sechelela, ambalo kwa Kigogo ni kumwambia mtu afurahi. Ulilipokea jina lile kwa kutikisa kichwa tu. Nilidhani umechoka, na mzazi yeyote huchoka.

Lakini arobaini ikapita na wewe ukabaki vilevile. Ulilala umegeukia ukuta. Mtoto akilia, ulisema neno moja, kwa sauti ya chini, ukilivuta katikati: "Nakuuja." Halafu hukuja. Dakika zikapita, mtoto anajinyonganyonga kwa kulia, nami kutoka uani nakuuliza, "Unakuja na basi gani wifi, mbona halifiki?" Wateja wangu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Nilijiona mtu wa maneno kweli.

Siku moja ulinijibu. Nilikuwa nimekuletea mtoto anyonye, ukamtazama usoni muda mrefu, kisha ukaniambia, "Wifi, nikimwangalia sisikii kitu." Mpaka leo naisikia sauti yako. Ulikuwa umenifungulia moyo, tena mimi niliyekuwa nakucheka. Nami nikakujibu, "Mtoto hasikilizwi, mtoto ananyonyeshwa." Nikakuwekea kifuani, nikarudi kwenye cherehani. Hukunieleza tena jambo lolote.

Kaka alikuwa akidamka kwenda saiti, maana mji huu sasa unajengwa kila kona na fundi hakosi kazi, na akirudi jioni alikukuta umekaa, mtoto ameoga, ugali na mlenda mezani. Aliniuliza mara mbili kama uko sawa. Mara zote mbili nilimwambia, "Anadeka. Mkeo umemlea kwenye pamba." Kaka aliniamini, kwa sababu mimi ndiye dada mkubwa na mimi ndiye niliyekuwa ndani.

Wanasema mdomo uliponza kichwa. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu.

Seche akiwa na miezi saba, asubuhi ile ya upepo wa Julai unaoingiza vumbi hadi kwenye chumvi, ulitoka umevaa kitenge chako cha kijani. Ulipita mbele ya cherehani yangu. Mtoto alikuwa mgongoni kwangu, akakugeukia. Ukamshika kidole cha mguu, ukasema, "Nakuja." Sikuinua hata macho. Nikajua unakwenda gengeni kwa nyanya, na kila mtu hapa mjini akitoka husema anakuja. Siku ya pili yake kaka yako akapiga simu kusema uko kwenu Chemba, umefika mwenyewe, husemi wala huli vizuri. Mumeo alikufuata. Ukamwomba akupe muda. Alirudi peke yake, akakaa kwenye ngazi ya mlango bila kuvua viatu vya kazi, na mimi, badala ya kunyamaza, nikamwambia kwamba mwanamke anayeacha mtoto anayenyonya hana muda wa kuombwa.

Sasa nakuja kwenye lile ninaloliogopa.

Ulirudi. Hilo tulilijua watu wawili tu, mimi na wewe. Ilikuwa kama saa nne asubuhi, Seche ana mwaka na miezi miwili. Nilisikia hodi, nikafungua nikiwa na futi ya kupimia shingoni. Umekonda, lakini umesuka, umepaka mafuta, na kile kitenge cha kijani umekifua na kukipiga pasi. Mkononi ulishika viatu vyekundu vya mtoto. Nilipoviona tu nilijua havimtoshi, ulivinunua kwa mguu uliouacha, ule wa miezi saba. Ukaniambia, "Shikamoo wifi." Hukuwahi kuniamkia hivyo, maana tulizoeana. Nikajua umejiandaa njia nzima.

Ukasema umepata nafuu kidogo. Ukasema unaomba umwone.

Nikakuambia amelala. Hakuwa amelala, wifi. Alikuwa nyuma yangu kwenye mkeka, na wewe ulimwona kupitia kwapa langu. Nikaujaza mlango kwa mwili wangu. Nikakuambia, "Hakujui. Ukimshika atalia, ukiondoka atalia tena, na wa kumbembeleza ni mimi. Mwache mtoto wa watu." Nilikuita mtu wa nje kwa mtoto uliyemzaa. Sijui lile neno nilikuwa nimelihifadhi wapi. Na nitasema ukweli wote: haikuwa hasira tu. Nilikuwa nimeshamzoea. Mimi sikujaliwa kuzaa, na mgongo wangu ulikuwa umeshamjua.

Seche hakulia. Alikutazama mdomoni. Ukaviweka vile viatu kwenye ngazi, vizuri, vikiwa vimeelekezana kama viatu vya mtu aliyeingia ndani. Ukasema, "Basi, nakuja." Nikafunga mlango. Viatu nikavificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya kitambaa, na kaka sikumwambia.

Miezi minne baadaye simu ikatoka tena Chemba. Kaka yako alisema uliacha kula. Walikulisha kwa kijiko, wakakuombea, na walipokupeleka hospitali mwili ulikuwa umeshashindwa. Tulikuja kukuzika. Kaka yangu alishika udongo akashindwa kuutupa. Ndugu zako wakaniuliza kama tangu uondoke ulikuwa umewahi kutafuta mtoto. Nikasema hapana. Nilisema hapana mbele ya jeneza, wifi, nikiwa na kanga kichwani kama watu wengine.

Mwanao alifika miaka miwili bila neno. Si mama, si baba, si maji. Akitaka kitu alivuta gauni langu na kuonyesha kidole. Majirani wakasema ana udata, kile kinyama kinachoshika ulimi kwa chini, na mimi nikalidaka hilo kwa mikono miwili, kwa kuwa kosa likiwa kwenye ulimi wa mtoto haliwi kwa mtu mwingine. Nikampeleka kwa bibi mmoja anayekata. Wembe, chumvi, pamba. Nilimshika kichwa mimi mwenyewe. Bibi akaniambia, "Sasa ataongea kama redio." Damu ilichuruzika mpaka kwenye mikono yangu, na katika kelele zote zile Seche hakutamka hata silabi moja. Kidonda kikaoza. Akakaa siku tano anakunywa maji tu kwa tabu, na nilipomwona anakataa uji nilikuona wewe.

Hospitali tulimkuta nesi mtu mzima, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimmulika mdomoni, akasema ulimi huu haukuwa na kasoro hata kidogo. Kisha akaniuliza, "Nyumbani nani anaongea na mtoto?"

Nikamwambia, "Mimi naongea kutwa, nesi. Uliza Nkuhungu nzima."

"Unaongea naye, au unaongea na wateja yeye akiwepo?"

Akanieleza taratibu kwamba mtoto hujifunza maneno kwenye uso wa mtu, tangu yupo mchanga, kwa kutazamwa na kujibiwa hata vile visauti vyake visivyo na maana. Akauliza, "Mama yake alikuwaje baada ya kujifungua?"

"Alikuwa mvivu," nikasema. Hivyohivyo, na wewe ukiwa kaburini. "Alilala tu. Mtoto akilia anasema anakuja, haji."

Yule nesi akaweka kalamu chini. Akaniambia, "Dada, huo haukuwa uvivu. Ni ugonjwa wa huzuni unaowapata baadhi ya wazazi. Tunautibu hapahapa. Mngemleta."

Mngemleta. Nilimbeba Seche kurudi nyumbani nikiwa nalirudia neno hilo, na nilipofika nilikaa kwenye godoro lako, nikageukia ukuta ule ule kuona ulikuwa unaona nini. Ni ukuta tu, wifi. Una ufa mmoja, basi.

Nilianza kufanya kama nilivyofundishwa. Nilizima redio. Nilishuka kwenye kiti nikakaa chini, uso wangu na uso wake. Huu uzi. Hii sindano, usiguse. Huu mlenda, unateleza. Akitoa kisauti, nasubiri, namjibu. Miezi ikaenda hivyo. Nilijiona mwendawazimu nikimweleza mtoto habari za kola na mifuko.

Siku moja mteja wangu kachukua gauni lake, kaaga, anatoka. Seche akasimama mlangoni, akanyoosha mkono, akasema, "Nakuuja."

Alilivuta katikati, kwa sauti ya chini. Nesi angesema ameliokota kwa wateja, na huenda ni kweli, maana ni neno la watu wote. Mimi naijua ile sauti. Nimeishi nayo miezi saba nikiicheka. Katika maneno yangu yote ya kutwa hakuchukua hata moja kuwa lake la kwanza. Alichukua lile lako, moja tu, ulilokuwa unampa ukiwa huna kingine cha kumpa.

Jioni ile nilimsubiri kaka. Nilifungua droo, nikamwekea viatu vyekundu kwenye kiganja, nikamweleza yote, saa ile, kitenge, shikamoo yako, na jinsi nilivyoujaza mlango. Hakunipiga, hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Alikuja lini?" Nilipomtajia mwezi, alihesabu kwa vidole hadi mwezi wa msiba, na vidole vikaisha upesi. Tangu siku hiyo hanisalimii. Tunaongea habari za mtoto tu, kala, kaoga, ana homa. Ana haki yake. Natamani angenitukana.

Leo nina cha kukueleza ambacho ungekifurahia. Mwanao ana miaka mitatu na nusu. Anasema maji, anasema baba, anasema "shangazi, uzi umekatika." Kuna siku aliniita mama. Sitakudanganya, nilitaka kulipokea. Nikamwambia, "Mimi ni shangazi. Mama ni mwingine." Akaniangalia mdomoni, kama alivyokuangalia wewe. Kitu hicho kimoja nimeweza kukutunzia.

Wote wanaotoka mlangoni kwetu anawaaga kwa neno lako, baba yake akienda kazini, muuza mboga, hata paka. Yeye ndiye anayebaki, lakini ndiye anayesema nakuja. Baba yake hamsahihishi, nami pia simsahihishi.

Atakapokuwa na maneno ya kutosha ataniuliza. Nimeshajiandaa, kama wewe ulivyojiandaa njia nzima ile. Nitampa viatu avishike. Nitamwambia mama yake alikuwa mgonjwa na mimi nikamwita mvivu. Nitamwambia alisema anakuja, na alikuja. Aliyefunga mlango ni mimi.

Lala salama, Mama Seche. Sikuombi unisamehe.

Wifi yako