Gari la Baba Mkwe na Mpira Mweusi

Mpendwa mshauri, baba mkwe amenipigia asubuhi hii akasema Ijumaa anapanda basi, anavuka mpaka na fundi wake, waje kulifungua gari lake akiona kwa macho yake, ndiyo maana naomba unisaidie upesi, kwa sababu gari hilo nililiazima mimi nimtembeze mke wangu nchi ya jirani pamoja na shemeji, mdogo wake wa kiume, na njia nzima nilijigamba kwamba lugha ya huko naijua, basi kituoni muuza mafuta akaniuliza jambo huku akilinyooshea gari kidole, sikuambulia hata neno, nikaona nikisitasita nitachekwa, nikamwonyesha mpira mweusi wa kujazia mafuta, maana kwetu mweusi ndio wa dizeli, kumbe kwao ni wa petroli, akauliza tena, nikamjibu "Ndiyo, ndiyo, jaza!", maneno pekee ya kwao ninayoyajua, akajaza pomoni, kisha shemeji akaomba kuendesha kidogo, na kwenye mlima wa kwanza gari likakohoa, likatetemeka, likamzimikia mikononi.

Nikasema, "Shemeji, umelifanya nini gari la mzee?"

Lilinitoka tu, mshauri. Baadaye nilifungua tangi, nikanusa, nikalifunga kimya kimya. Sasa mzee alikuwa amempa shemeji kazi ya kuendesha gari la kusambaza mikate ya kiwanda chake kuanzia Jumatatu, lakini aliposikia gari limeharibikia mikononi mwake ameifuta, anasema, "Huyo nitampa toroli, na njia isiwe na mteremko." Kijana hata chakula hali. Mke wangu naye kila asubuhi ananiuliza, "Bwana Mkalimani, leo huna la kutuambia?" Nadhani ni uchovu wa nyumba ya wageni. Je, nimwahi fundi nimwombe aseme ni pampu?

Mkwe Taabani

Mkwe Taabani, pole kwa kukwama. Pole yangu inaishia hapo.

Fundi akifungua tangi la dizeli lenye petroli haulizi mtu, pua inamtosha. Nawe unataka mtu aliyeletwa na baba mkwe, kwa nauli ya baba mkwe, amdanganye baba mkwe! Na mkeo hajachoka. Anayekuita Mkalimani aliuona mpira ule, anakupa nafasi kwa adabu. Siku atakayoacha kuuliza ndiyo uogope.

Kukosea mafuta ni ajali, hata madereva wazoefu huwapata. Kumtwika kijana kosa lako hadi akose kazi, hiyo si ajali. Hiyo unaifanya upya kila unapoamka.

Gari lisiwashwe na mtu yeyote mpaka tangi limwagwe na chujio libadilishwe. Mwite shemeji, dada yake akiwepo, umwambie ukweli na umwombe radhi. Kisha mpigie mzee leo hii: "Baba, petroli niliweka mimi. Mwanao hana kosa." Usianze na rangi za mipira wala lugha za watu. Atafoka, mwache amalize. Akitulia, omba kazi ya kijana irudishwe, nafsi yako usiitetee.

Mzee akija hata hivyo, Ijumaa uwe kituo cha basi kabla yake, umbebee mizigo. Jumatatu alfajiri mikate inatoka kiwandani, na shemeji yako ndiye awe kwenye usukani.