Jiko Lililohamia Dresden

Dublin, 9 Januari

Mwanangu Lorcan,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila magoti yananiambia mvua inakuja, na kwa Dublin hiyo si habari. Natumai huko Leipzig unakula vizuri.

Mwenye nyumba hataki tena maneno. Anauza, na Pasaka ikifika niwe nimetoka. Kodi za hapa mjini pensheni yangu haizifikii hata ikisimama juu ya kiti, hilo tumekubaliana. Lakini wewe nawe umezidi. Juzi ulitaka nihamie Porto, ambako kila barabara ni mlima. Jana Sofia, nikaanze kujifunza herufi upya kama mtoto wa chekechea. Leo Łódź, jina ambalo nikilitamka nauma ulimi. Unanizungusha Ulaya kama kifurushi kilichopotea anwani. Nina miaka sabini na moja, Lorcan. Fikiria vizuri.

Mama yako

Leipzig, 20 Januari

Mama,

Nimefurahi kusikia u mzima. Mimi pia mzima, ila kichwa kinaniuma, na unajua ni kwa nini.

Valencia ulisema jua kali. Riga ukasema baridi. Mchagua jembe si mkulima, Mama. Sasa sikiliza: Görlitz, mpakani huku Ujerumani. Vyumba viwili, dari lililo juu, kodi hata robo ya Dublin haifiki. Ukivuka daraja uko Poland, ukanunue siagi na mayai. Na ni tambarare. Mwenye nyumba wa huko nimeshamwambia ndiyo, maana nikikungoja wewe utalala kituo cha basi. Usinikasirikie.

Mwanao

Görlitz, 14 Aprili

Lorcan,

Sijambo, na usiniulize zaidi.

Nimefungua mlango wa jikoni nikakuta kuta nne na mabomba mawili yamechomoza. Jiko hakuna, kabati hakuna, hata sinki hakuna. Nikajua tumeibiwa. Nikampigia hodi jirani, Bi Lindner, mwenye Kiingereza cha kuungaunga.

"Jiko langu limeenda wapi?"

"Dresden," akasema. "Limehama na mwenyewe, mpangaji wa kabla yako."

"Mtu anahamaje na sinki?"

"Kwani nyinyi kwenu mnawaachia watu sinki zenu?"

Akanitazama kama mimi ndiye niliyekosa adabu. Miaka tisa unaishi nchi hii na hukukumbuka kuniambia. Kikombe changu nakioshea bafuni. Njoo.

Mama

Leipzig, 17 Aprili

Mama,

Pole sana. Hapa kila mtu huhama na jiko lake, na mimi nimezoea hadi nikasahau kwamba kwetu si hivyo. Jumamosi hii nakuja kukufungia moja. Msalimie Bi Lindner.

Mwanao

Görlitz, 30 Juni

Lorcan,

Natumai u mzima, maana Jumamosi ile ilipita, na nyingine zikaifuata. Jiko amenifungia mkwe wa Bi Lindner. Usihangaike.

Jana tulikuwa tunamenya viazi, akaniuliza, "Mwanao yuko Leipzig. Huko hakuna nyumba?"

Nikasema ni ghali. Akasema binti yake anaishi huko huko, pembeni kidogo ya mji, na kodi yake haipishani sana na yangu. Halafu akaniona uso, akaanza kuzungumzia viazi.

Nimekasirika, mwanangu, na zaidi ya hasira nimeumia. Wewe ulidhani mimi mzee msumbufu asiyeridhika. Porto ningepanda milima yake kwa magoti haya haya. Nilikuwa naikataa miji mmoja mmoja ili ubaki mji wako tu, uutaje. Nilitaka uniambie, "Mama, njoo hapa." Umepekua Ulaya nzima, ukauruka mji mmoja.

Mwenye nyumba aliuliza kama nitabaki. Nimesaini mkataba wa miaka miwili.

Nimepita pia stesheni kuulizia nauli ya treni kutoka kwako mpaka hapa. Ni nafuu.

Mama