Kilichoonekana Tumboni mwa Laurenti

Mwanza, Agosti 2014

Mdogo wangu Bonifasi,

Nakusalimu wewe na wote wa nyumbani Kitahana. Nitafurahi kusikia kwamba mama anakula vizuri na kwamba mguu wake umepungua uvimbe. Sisi huku ni wazima, isipokuwa Laurenti, mdogo wetu, uliyemleta kwangu akiwa wa manjano hadi machoni. Nakuandikia habari zake bila kuzipunguza, kwa kuwa wewe unapaswa kuzijua kuliko mtu mwingine yeyote.

Daktari aliagiza apigwe picha ya tumbo kwa CT scan, mashine yenye tundu kubwa ambamo mgonjwa hupitishwa amelala. Kwanza mgonjwa hunywa dawa ili utumbo uonekane, kisha hudungwa nyingine mshipani ili uvimbe na mishipa ya damu vijitokeze waziwazi. Muuguzi alipomletea chupa, Laurenti aliitazama, akasema, "Onja kwanza, dada."

"Nionje nini? Mimi siumwi."

"Kwetu anayeleta kinywaji hutangulia kukinywa."

"Basi ungekuja na pombe yenu, baba."

Wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Laurenti aliingia chooni na chupa, akaimwaga dawa yote, akarudi nayo tupu. Picha ya kwanza ilipoonyesha kwamba hakunywa kitu, mpiga picha alimshusha kitandani na kumfukuza kama mwanafunzi mtoro.

Tulirudi wiki iliyofuata. Nilikunywa funda moja mbele yake, mimi nisiyeumwa, ndipo naye akanywa. Dawa ya mshipani ilipoingia, alipata joto mwilini kama wanavyopata wote. Akapiga kelele mle ndani kwamba sumu ya mkewe imeamka. Wakacheka tena.

Daktari alituonyesha picha kwenye kompyuta. Uvimbe umeota kwenye kongosho na kuubana mrija wa nyongo. Ndiyo sababu ya umanjano. Umeizingira mishipa mikubwa ya damu, na uvimbe mwingine umekwisha kuota kwenye ini. Ni saratani, na haiwezekani kuikata. Nilimwuliza kama mtu anaweza kulishwa kitu kikaleta hali hiyo.

"Hapana, mzee," alijibu. "Huu umeota wenyewe. Hakuna aliyemtilia."

 Laurenti akaniambia, "Kaka, nirudishieni mke wangu."

Ni Yustina huyo uliyemfukuza mbele ya ukoo kwa sababu alimpa mumewe kata ya pombe bila kuionja. Ulimwita mchawi wa Kirundi, ingawa alizaliwa Kasulu na ni raia kama wewe. Sufuria zake ulizitupa barabarani.

Nilimpigia simu kwa wazazi wake. Hakulia. Alisema, "Shemeji, namhurumia sana. Lakini nikija nikampa uji, akafa mkononi mwangu, Bonifasi atasema nini?"

Sikumbishia, kwa sababu ninakujua.

Kwa hiyo nenda Kasulu. Nenda na wazee walewale waliokuwapo siku ile, useme mbele ya wazazi wake kwamba ulimsingizia. Usipeleke mbuzi wa kuomba radhi, wala usimtume mtu badala yako. Kisha umpandishe Yustina basi la kuja huku. Daktari ametuonya kwamba muda uliobaki ni mfupi, na dawa anazopewa ni za kutuliza maumivu tu. Ukikawia, Laurenti atakufa akimwita mkewe, nami nitasimama kaburini na kuwaeleza waombolezaji ni nani aliyemnyima.

Mpe mama salamu zangu. Mwambie kwamba Laurenti anaumwa, mengine nitamweleza mwenyewe. Msalimu mkeo na wanao. Msalimu baba mdogo aliyeketi kwenye kikao kile cha ukoo. Mwambie nakumbuka kwamba naye aliitikia.

Ni mimi kaka yako, ambaye bado sijakusamehe,

Mwalimu Danieli