Dumu Lililoandikwa Sumu

Jumanne, 14 Novemba 1978

Mvua asubuhi, jua la kichovu mchana. Nimewasha injini ya Bruda Herman kama nilivyomwahidi alipokwenda likizo kwao: mara kwa mara, isije valvu zikaganda kwa mafuta ya nyonyo. Haikukaa sawa. Kwa kasi inakwenda. Ikishushwa inakohoa, inazima. Nikiondoa betri ya kuwashia kwenye plagi, mlio unaanguka kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Sirushi kitu. Tangu vita vianze huko Kyaka, ndege haitoki bandani, ingawa ni mfano tu na mabawa yake hayazidi urefu wa kitanda changu. Kisanduku cha redio cha kuiongozea nimekitoa betri na kukificha juu ya kabati, chini ya magazeti ya Bruda. Injini peke yake ndiyo naiwasha, imefungwa kwenye ubao. Inakaa kiganjani, lakini ni ya mapigo manne kamili — kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa — na ina valvu na tapeti za kuzisukuma kama lori. Ningekuwa nayo nilipokuwa nafundisha kwetu Burundi, ng'ambo ya mto Ruvubu! Miaka yote ile nilichora kwa chaki tu.

Kabla haijapoa, Pancras alikuwa mlangoni. Ndiye balozi wetu wa nyumba kumi.

— Shikamoo, Mzee Minani. Nimesikia mngurumo. Nikasema, mzee amepata pikipiki na hatuambii.

— Marahaba. Ni injini ya Bruda. Naitunza.

Alizunguka banda lote. Alipapasa bawa, akauliza kandege haka kanabeba nini. Nikasema hakabebi hata kuku. Akauliza kanafika wapi. Nikasema kanafika macho yanapofika, basi. Najua hesabu aliyokuwa akifanya: mtu wa kuja, ndege, vita.

Akiondoka alipiga teke dogo dumu la spiriti, ambalo nimeliandika SUMU kwa rangi nyekundu. Akacheka peke yake. "Na wewe tena, mzee?" Sikuelewa. Sikupenda.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimeamua kwenda kwa utaratibu. Kitu kimoja kwa wakati, kama daktari.

Sindano ya kabureta: nilibana kidogo mpira wa mafuta wakati injini inazunguka. Kama inakunywa mafuta mengi mno, mlio hupanda kwanza. Kama yamepungua, huzima. Ilizima. Nikafungua sindano zaidi. Bado. Nikafungua tena. Ikapiga teke, propela ikarudi nyuma, nati ikalegea. Nusura vidole.

Nafasi ya valvu: nimeipima kwa kijibati, injini ikiwa baridi. Sawa. Plagi: nimeweka mpya. Waya wake unawaka rangi ya chungwa, mzuri. Mpira wa ndani ya tangi hauna tundu. Nilipuliza ndani ya bakuli la maji, hakuna povu.

Kwa hiyo injini ni nzima. Lililobaki ni mafuta, au mkono wa mtu.

Kufuli la banda lina mikwaruzo. Huenda ni ya zamani. Funguo ni mbili tu: wangu, na ule wa Verediana anayefagia misheni. Pancras hana, lakini balozi akiuomba kwa Verediana, nani atamnyima?

Verediana mwenyewe alipita na ufagio. Mwanamke wa maneno, mjane, pombe yake ya ndizi ndiyo inayosifiwa hapa Nyantakara. Ananitania siku zote.

— Mzee, bado unakatibu kadudu kako? Kadudu hakaponi. Oa mke utibu mke.

— Nani atanipa mke hapa? Mimi mtu wa kuja.

— Hapa wote ni wa kuja. Operesheni ilituleta na magodoro kichwani. Wewe umezidi kwa mto tu.

Tulicheka. Ni kweli, operesheni ya vijiji ilitukuta wote. Lakini wao wanaweza kwenda kuona migomba waliyoiacha. Yangu imebaki nchi nyingine, na sijui nani anaila.

Baadaye nikajiuliza kwa nini alitazama dumu alipokuwa anacheka.

Jumamosi, 18 Novemba

Nimepata. Naandika polepole ili nisikosee.

Mafuta ya injini hii nachanganya mwenyewe: spiriti ya miti kutoka kwenye dumu, na mafuta ya nyonyo ya kulainisha. Spiriti ikiwa safi, mafuta ya nyonyo huyeyuka ndani yake na glasi inabaki angavu. Leo nilichanganya kwenye glasi, nikaishika juani. Ikawa nyeupe, kama maji ya mchele. Maana yake ni moja. Maji yamo.

Kwanza nililaumu mvua. Spiriti hii huvuta unyevu wa hewa. Lakini si kiasi hiki, na mfuniko umekazwa. Kisha nikatazama alama niliyoikwaruza kwenye dumu Septemba. Nimekwisha kutumia lita kadhaa. Dumu liko pale pale kwenye alama.

Mtu anachota spiriti na kurudishia maji.

Nilikaa chini. Nilikuwa nikiogopa mtu anayechezea injini. Sasa naogopa jambo jingine. Spiriti hii si gongo. Inanukia kama pombe na inachoma koo kama pombe, lakini inapofusha, kisha inaua, na haiui siku hiyo hiyo — mtu hulala vizuri, huamka vizuri, halafu. Bruda alinieleza mara mbili. Ndiyo sababu niliandika SUMU kwa herufi kubwa kiasi kile.

Nimelimwaga dumu lote nyuma ya banda. Lakini lililokwisha kutoka limetoka. Liko kwenye chupa ya nani?

Jumapili, 19 Novemba

Baada ya misa Katibu Celestini alitangaza: vijana wa mgambo wanaondoka Jumamosi kwenda mstari wa mbele. Atakuja mgeni rasmi kutoka wilayani. Kila nyumba kumi zitoe chungu kimoja cha pombe. Cha kwetu atapika Verediana. Mwanawe Novatus ni mmoja wa wanaokwenda.

Nilimfuata Pancras njiani. Nilizungukazunguka, nikamuuliza kwa nini alicheka siku ile alipoona dumu.

— Mzee, wewe umesoma lakini huishi hapa. Nenda nyumba yoyote. Debe la sukari limeandikwa nini? Sumu. Sabuni ya magendo? Sumu ya panya. Mimi mwenyewe nina mafuta ya taa chini ya kitanda, nimechora na fuvu. Mtu akiandika sumu, tunajua kuna kitu kitamu.

— Lakini yangu ni sumu kweli.

— Ndivyo tunavyosema wote.

Akanipiga bega, akaenda zake.

Kwa hiyo nilibandika tangazo. Nilimkaribisha mwizi kwa rangi nyekundu. Nami nakaa hapa tangu operesheni, sikuwahi kufungua debe la mtu nikajua.

Lakini je, Pancras ananieleza hivyo kwa sababu hana hatia? Au anataka kujua mimi najua kiasi gani?

Jumatano, 22 Novemba

Laurian, rafiki yake Novatus, ameamka anaona ukungu. Anasema yuko kama ndani ya moshi mweupe. Tumbo linamkata. Wamempeleka zahanati kwa baiskeli. Juzi jioni alikuwa kwa Verediana, pamoja na Novatus. Novatus hakunywa, alikuwa na zamu ya lindo.

Kisimani wanasema kijana ametupiwa kitu ili asiende vitani. Na nani? Wakiniona wanajitwika ndoo zao na kuondoka.

Nilikwenda kwa Verediana. Nilimwomba anionyeshe chupa zake. Nilisema kwa upole, kwa sauti ya chini.

— Unataka kunionja au kunichongea?

— Mama Novatus, kama kuna kitu ulichukua bandani, kimwage. Sitasema kwa mtu.

— Mimi mwizi sasa? Toka mwaka gani? Mtoto wangu anakwenda kupigana, wewe unakuja kwangu na habari za chupa. Pombe yangu imekaa shimoni tangu wiki iliyopita. Nenda kwa kadudu kako.

Nyuma yake, juu ya rafu, kulikuwa na chupa ya soda imezibwa kwa kizibo cha karatasi. Aliona nikiiona. Akafunga mlango.

Nimwamini? Pengine ni gongo la kawaida, na anaogopa mgambo kama kila mpika gongo. Pengine. Lakini macho ya Laurian si gongo la kawaida.

Ijumaa, 24 Novemba

Nimesema. Nimekwenda ofisi ya kijiji, nikamwambia Katibu mbele ya Pancras: spiriti ya misheni imeibwa, ni sumu, nadhani imetiwa kwenye chungu cha kesho au itatiwa. Msiwape vijana.

Katibu, bila kupandisha sauti: nani ameiona hiyo sumu? Mimi. Nani aliyekuwa nayo? Mimi. Nani anasema imo kwenye chungu cha mama wa kijana wetu, siku moja kabla ya safari? Mimi.

— Sasa, mzee, tufikirieje?

Huku kwetu sote, pande zote za mto, ukisema chungu cha mtu kina sumu umemwita mchawi. Nalijua hilo. Nilitoka nyumbani nikilijua.

Nikapendekeza njia ya kupima. Nileteeni chupa iliyo kwenye rafu ya Verediana. Gongo la ndizi halitawasha injini ile, plagi itazimika mara betri ikiondolewa. Spiriti ya kwenye dumu langu itaiwasha na itaendelea kuwaka. Mtasikia wenyewe kwa masikio.

Katibu akasema twende tuione hiyo injini. Tukaenda. Pancras, mrefu, alinyoosha mkono juu ya kabati akatoa kisanduku cha redio chenye antena. Magazeti yakaanguka.

— Na hiki ulisema kiko wapi, mzee?

Sikuwa nimesema. Hawakuniuliza, nami sikusema.

Nimelala ofisini. Injini na ubao wake, betri, mafuta ya nyonyo, ndege na kisanduku viko mezani kama ushahidi. Kijana wa mgambo yuko mlangoni na bunduki ya mbao. Amenipa blanketi lake.

Jumamosi, 25 Novemba

Asubuhi na mapema Pancras aliingia peke yake. Hakunisalimu. Alitoa ile chupa ya soda ndani ya koti.

— Novatus ameniletea. Haelewi. Mimi pia sielewi. Laurian haoni kabisa sasa. Washa kadudu kako.

Nilichanganya na mafuta ya nyonyo. Glasi ilibaki angavu, maana hii ilichotwa kabla ya maji kutiwa; hilo peke yake lilinitosha, lakini lisingemtosha yeye. Nikajaza tangi, nikarudisha sindano mahali pake pa zamani, nikaunga betri, nikazungusha propela kwa kidole. Mara ya pili ikashika. Nikaondoa betri. Haikuanguka. Nikaishusha chini kabisa. Pigo, pigo, pigo — haijawahi kukaa vizuri hivyo tangu Bruda aondoke. Karatasi za Katibu zikaruka mezani. Nje watu wakageuka wakidhani ni gari la mgeni rasmi.

Pancras alitazama mpaka nikabana mpira ikazima. Akasema, "Imo kwenye chungu. Verediana alitia jana, Novatus alimwona. Alitaka pombe ya mwanawe iwe kali kuliko za wengine." Akatoka na chupa.

Nilidhani atakwenda moja kwa moja. Lakini mgeni rasmi alikuwa amefika na ameanza kuhutubia. Pancras amesimama nyuma ya umati, chupa mgongoni. Hasogei. Nani anamkata kauli mgeni wa wilaya? Au anaogopa swali la kwa nini alikuwa ofisini na mimi? Au anangoja mama ajirudi mwenyewe? Sijui. Simjui mtu huyu hata leo.

Nimeita dirishani. Kijana wa mlangoni akasema, "Tulia, mzee, mgeni anaongea." Nimegonga mlango. Akagonga yeye kwa nje, kwa adabu. Naandika kwa sababu mkono hauna kazi nyingine.

Vyungu viko mstari mmoja juu ya majani ya migomba. Kila mpishi amesimama nyuma ya chake na kibuyu kidogo, maana mpishi ndiye anayeonja kwanza, watu wakimwona, ndipo wageni wanywe. Vijana wamepanga foleni. Novatus ni wa kwanza mbele ya mama yake, amekunja mikono, hataki kumtazama.

Mgeni amemaliza. Makofi. Wapishi wanachota.

Wengine wamekwisha kunywa na kupangusa midomo. Verediana amechota. Alisikia ile injini, na bila shaka alikwisha kusikia nilichosema jana kuihusu; alikuwa hatua chache kutoka dirishani na aligeuka pamoja na wote, ila yeye hakutazama barabarani. Alitazama hapa.

Kibuyu kimefika kidevuni. Mtu amemtania, watu wanacheka, wanasema mama ameona ni tamu mno, hataki kuigawa. Pancras ameanza kutembea, lakini polepole, anaomba njia, anasalimia watu.

Novatus amenyoosha mkono kupokea kibuyu kwa mama yake. Mama hajakitoa. Hajakinywa.