Mume Wangu Alinificha Ugonjwa wa Mama

Mshauri wetu mpendwa, pokea salamu kutoka Valencia, Uhispania, nakuandikia nikiomba msaada kwa sababu huku sina mtu wa kulia naye kwa lugha yangu. Mimi ni Beldina, niliishi Migosi, Kisumu, nikaja huku mwaka jana na binti yetu Terry kumfuata mume wangu Gordon, anayefanya kazi kwa ghala la machungwa, na kusema ukweli alijitahidi, alitupatia nyumba yenye jua, akanionyesha soko, akanifundisha kusalimia majirani, nami nikaanza kuzoea. Mwezi wa tatu mwaka huu mama yangu akaugua kule kijijini Pap Onditi, na kaka yangu Owiti, ambaye hakuwa na namba yangu mpya, akampigia Gordon akasema, "Mama anamwulizia Beldina, mwambie apige haraka." Gordon akanyamaza siku tatu, ati, kama alivyokiri baadaye, nilikuwa na mahojiano ya karatasi za kuishi huku na hakutaka nivurugike. Siku ya nne nikarudi kutoka mahojiano nikiwa na furaha, nikamkuta jikoni hajavua hata koti, akaniambia, "Mama ametuacha."

Karatasi hazijatoka, tukaambiwa nikisafiri huenda nisiruhusiwe kurudi, kwa hivyo mazishi niliyaona kwa simu, picha inakwama kila saa. Kinachoniua ni kwamba Owiti anaamini niliambiwa nikakataa kupiga, sasa hashiki simu yangu, na mimi naona aibu kumwaga siri ya mume wangu. Miezi miwili nalala chumba cha Terry. Mtoto akiuliza, "Baba amekosa nini?" namwambia hakuna. Nimewaza kumchukua turudi Kisumu Gordon akiwa kazini. Nifanye nini?

Beldina

JIBU

Mama Terry, pole sana. Kufiwa na mama ni uchungu, kunyimwa sauti yake ya mwisho ni uchungu mwingine, na huo wa pili aliuleta Gordon. Alikosea. Mtu mzima hapangiwi siku ya kusikia habari za mzazi wake.

Lakini wewe nawe! Miezi miwili ya kununa, umemwambia lini kilichokuumiza? Alikuficha jambo ukavunjika hivi, sasa unataka kumficha safari ya mtoto wake? Wazo hilo liache leo.

Jumapili hii mketishe. Mwambie yote, usimeze hata neno. Akiomba msamaha, si lazima umpe siku hiyo. Terry naye mwambie ukweli kwa kipimo chake: Baba alikosa, tunazungumza.

Na aibu hiyo si yako, acha kuibeba. Gordon ampigie Owiti, wewe ukiwa umeketi kando yake, aseme kwa mdomo wake, "Shemeji, Beldina hakuambiwa. Ni mimi." Akikataa, tutazungumzia kuondoka, lakini mchana, mbele yake. Akikubali, mwache kaka yako alie kwanza. Kisha chukua simu, umwulize Owiti mama alitaka kukuambia nini.