Mwaka Tuliochelewa Kupanda Viazi

Nyumbani,
Jumapili mchana.

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na ikukute umekaa, maana najua kazi yako ni ya kusimama tangu asubuhi. Kidole kilichoungua kwa mvuke wa pasi kimepona? Mara ya mwisho ulisema ngozi inabanduka na bado wanakupangia mashuka ya hoteli nzima. Paka asali, wala usione haya kunuka asali kazini. Na yule mwenzako mnayelala chumba kimoja, kikohozi chake kimepungua, au bado kinakunyima usingizi?

Sisi huku hatujambo. Cherehani yangu iko pale pale chini ya dirisha la sebuleni, na mwezi huu nimeshona sare za shule mpaka nikilala naota vifungo. Paa la jikoni lilianza kuvuja. Baba akalipanda mwenyewe kuliziba, kwa umri wake ule. Nilipomkemea alinijibu kwamba amejenga nusu ya nyumba za mtaa huu na hakuna kilichowahi kuanguka, si yeye wala nyumba. Nikamshikia ngazi.

Utajiuliza kwa nini naandika wakati simu ipo. Kwenye simu ukininyamazia kidogo tu mimi huingiwa na hofu, nikaanza kuujaza ule ukimya na maneno ambayo hayakuwepo. Karatasi hainitishi. Basi nisome taratibu mpaka mwisho, dada, usiruke mistari.

Habari kubwa ni ya viazi. Cheka kwanza, halafu endelea.

Unakumbuka sheria za Baba kwenye ile bustani ya nyuma. Kwanza iondoke ile baridi ya alfajiri inayoacha majani meupe kama yamemwagiwa chumvi, na isionekane tena kwa wiki mbili. Pili mvua iwe imeshanyesha ya kutosha, lakini isiwe ya jana. Ndipo anachota udongo, anaufumbata kiganjani, anauachia kutoka usawa wa kiuno. Ukisambaratika, leo ndiyo siku. Ukibaki donge, mbegu zitaoza, rudi ndani ukanywe chai. Mama alikuwa akimtania kwamba hata yeye alichumbiwa kwa kipimo hicho, akaangaliwa miaka miwili kwanza kama hatabaki donge.

Na unakumbuka nani alikuwa anashika upande wa pili wa kamba. Ile kamba yake ya ujenzi, aliyonyooshea kuta za watu, ndiyo aliyonyooshea mistari ya viazi, na mwisho wa kamba ulikuwa wewe. Mimi nilikuwa wa kubeba majivu ya kutia kwenye mistari tu. Nilikuwa mdogo na nilikanyaga kila kitu.

Mwaka huu mbegu nilizipanga mwenyewe kwenye masanduku ya mbao, chumbani kwako, juu ya kitanda chako, maana kile ndicho chumba chenye mwanga bila jua kali. Nilikunja godoro nikaliegemeza ukutani. Wiki ya tatu macho ya viazi yakaanza kutoa machipukizi mafupi, manene, ya zambarau, kama anavyoyapenda. Baridi ilikuwa imekwenda zake. Mvua ikanyesha siku nne, ikapumzika. Jirani yetu mkunga alikuwa ameshapanda vyake zamani. Unamjua, amezalisha watu miaka thelathini na bado hajajifunza kungoja kitu kitoke kwa wakati wake.

Nikamwambia Baba udongo uko tayari. Akatoka, akauchota, akaufumbata, akauachia. Ukasambaratika vizuri mbele ya macho yangu. Akasema chini bado kuna ubaridi, tungoje kidogo. Nikarudi kwenye cherehani. Wiki iliyofuata akasema mwezi haujakaa sawa, mtu ambaye maisha yake yote amewacheka wanaopanda kwa kutazama mwezi. Wiki ya tatu ikawa mgongo. Nikasema basi nitachimba mimi, yeye akae kwenye kigoda aniongoze. Akanitazama kama niliyependekeza tuhame nyumba.

Wakati huo machipukizi yakawa yanarefuka. Kila asubuhi nikifungua mlango wa chumba chako nayakuta yamesogea, marefu kama vidole, yameshikana kutoka sanduku moja hadi jingine, na viazi vyenyewe vimeanza kukunjamana. Vilivyokuwa chini kabisa vikaoza. Nilikuwa navitoa kimoja kimoja kwa kijiko, nanawa, narudi kushona, na harufu inanifuata mpaka kwenye kitambaa. Mkunga akamwambia Baba kwenye ua kwamba ni kweli subira huvuta heri, lakini ya kwake inavuta ukungu. Baba hakucheka. Miaka ya nyuma pia alikuwa akichelewesha, wiki mbili, tatu, nami nikidhani ni uzee. Mwaka huu ilifika wiki ya sita.

Jumatatu iliyopita nilikuwa naanua nguo nyuma ya nyumba. Baba alikuwa upande wa pili wa shuka, karibu na ua, hakuniona. Mkunga alikuwa anamuuliza, safari hii bila utani, kama ana ugonjwa anaouficha. Baba akamjibu kwa sauti ya chini, na hili nakuandikia neno kwa neno kwa sababu nimelirudia kichwani wiki nzima: "Sina ugonjwa. Namngoja mkubwa wangu. Amesema msimu wa kupanda atakuja. Nikipanda kabla hajafika, ataona sikumngoja."

Mkunga akasema lakini si alisema hivyo hivyo mwaka jana.

Baba akasema, "Kila mwaka hupata kikwazo. Hana makosa."

Dada, nilibaki na zile nguo mikononi mpaka wameachana na Baba ameingia ndani. Maana wewe hujawahi kusema utakuja. Ni mimi.

Ngoja nieleze tangu mwanzo. Unajua maneno aliyokwambia Baba kwenye simu wiki tuliyomzika Mama, vibali vyako vya kusafiri vilipokataa kutoka: kwamba aliyeshindwa kumzika mama yake asihangaike kumtafuta baba. Ulikata simu, na tangu siku ile, miaka mitano, hakuna kati yenu aliyesikia sauti ya mwenzake. Kitu ambacho hukukijua ni kwamba baada ya hapo Baba alilala akitazama ukuta. Hakuoga, hakunyoa, chakula alikigusa kama mtu anayeonja dawa. Magugu yalifika magotini. Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni kwake na bakuli la uji lililopoa, na sijui neno lilitoka wapi, nikamwambia kwamba umepiga simu, unamsalimu, na msimu wa kupanda utakuja, sijui utasema nini ukikuta bustani iko vile. Aliamka saa ile ile. Aliomba jembe kabla ya maji ya kuoga.

Nilijiambia ni mara moja tu. Mwaka uliofuata mwenyewe akaniuliza umesema nini kuhusu kupanda. Nikarudia. Na ukishaanza kushona upande mmoja, upande wa pili nao unataka kuzibwa. Wewe ulikuwa ukiuliza kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichoweza kununua, kama Baba amekutaja. Nami nikakwambia amekutaja. Dada, salamu zake zote nilizokuletea miaka hii mitano ni za kushonwa. Nilikata kitambaa mwenyewe na uzi ulikuwa wangu. Hakusema kwamba kila akinywa chai anakukumbuka. Hakusema amekusamehe. Ile sweta uliyomtumia, niliyokwambia haivui hata jua likiwaka, haijawahi kutoka kwenye mfuko wake.

Nilikuwa namwambia kila mmoja wenu kile ambacho nilitaka mwenzake akiseme, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haja ya kukisema. Hilo ndilo linaloniuma. Nimelitambua nikiwa nyuma ya shuka, nikimsikia akikutetea kwa mkunga. Miaka yote nilikuwa natunga kitu ambacho labda kilikuwepo, na sikujua, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Wala sitajisingizia kwamba nilifanya kwa ajili yenu tu. Uongo unaosemwa kila mwaka msimu wake ukifika, hata aliyeutunga huanza kufua mashuka ya mgeni. Kila ulipokaribia wakati wa kupanda nilikuwa nasugua sakafu ya chumba chako. Nikisikia geti nilikuwa nainua mguu kwenye cherehani nisikilize hatua. Nilikuwa najua hakuna anayekuja, na bado nasikiliza. Nimekukumbuka, dada. Tumekula wawili kwenye meza ya watu wanne mpaka nimeshasahau upande upi ulikuwa wako, na siku nilipogundua nimesahau nilitoka nje nikalia karibu na tangi la maji.

Jumatatu ile ile alasiri nilimwendea. Alikuwa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni, anatoa udongo kwenye soli kwa mwiko wake wa zamani wa uashi. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama, maana nilijua nikikaa nitapamba. Nilimwambia hujawahi kusema utakuja. Nikamwambia na zile salamu zake nilizokutungia.

Aliniuliza kama ni miaka yote mitano. Nikasema yote. Akakaa. Kisha akaniuliza, "Na yeye, anajua kwamba huwa namngoja?"

Nikasema hapana, Baba, hata mimi nimejua leo.

Akaweka mwiko chini, akaingia chumbani. Jumanne hakusema nami. Jumatano hakusema nami. Alikula nilichoweka, akaosha sahani yake mwenyewe, akairudisha kabatini, na nakwambia heri angenitukana. Nilishona mikono miwili ya shati la mtoto ikatazama upande mmoja.

Alhamisi asubuhi nilisikia nyundo. Nilipochungulia, alikuwa ameshapiga vigingi bustanini na kamba iko begani. Alichota udongo, akaufumbata, akauachia, ukasambaratika. Hakunitazama. Alisema tu nilete mbegu.

Tulizimwaga zote chini tukazichagua. Karibu nusu zilikuwa zimekwisha. Zilizobaki alizikata machipukizi marefu kwa kisu, taratibu, akasema yatatoka mengine, ila si kwenye kila kiazi, na tusitegemee mavuno ya kujisifia. Mimi nilidhani nitabeba majivu. Akanipa mwisho wa kamba. Nikauvuta kwa nguvu zangu zote nisije nikakosea, kigingi kikang'oka. Akakirudishia, nikavuta, kikang'oka tena. Akaniambia nisivute kama ninayegombana na mtu, nishike tu. Halafu, akiwa ameinama anapanga mbegu, akasema, "Mwenzio alikuwa anajua kuishika."

Dada, hiyo ni mara ya kwanza kwa miaka mitano kukusifu mbele yangu. Nilishika kamba vizuri baada ya hapo. Tulikwenda mstari kwa mstari, yeye anaweka, mimi nafukia, mpaka jua limekuwa la utosi na mkunga ametuletea chai kwenye ua, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu tumjue hakuwa na maoni.

Sikuombi unisamehe kwenye barua hii. Najua kuna mambo uliyoyafanya kwa kutegemea maneno yangu, na kuna simu hukuzipiga kwa sababu nilikwambia mambo ni shwari. Kasirika kadiri unavyotaka. Ila ukimaliza, usipige kwangu. Piga kwake. Simu yake ndogo ile anaiweka juu ya kabati la vyombo, na huwa haipokei upesi kwa sababu hutafuta miwani kwanza kana kwamba sauti huonekana. Usikate.

Mkunga anakusalimu, anauliza huko watu huzaliwa vipi kwenye baridi kama hiyo. Mimi nakusalimu kwa moyo wote. Na ziko salamu za Baba. Jana nilimwambia naandika, nikamuuliza kama ana neno, nikakaa kimya mpaka akajibu, na ulikuwa ukimya mrefu. Nimeyaandika maneno yake kama yalivyotoka mdomoni mwake, sikushona hata kifungo. Alisema: "Mwambie tumepanda Alhamisi, mistari sita. Viazi hivi huvunwa baada ya siku mia na kumi. Ahesabu mwenyewe."

Ni mimi mdogo wako,
Kifungo